Jina la Bibi, Kisima cha Mama

Nilipokuwa najiandaa kuondoka nchini, kila mtu pale Masasi alikuwa mjuzi wa baridi. Hata wale ambao hawajawahi kuvuka Lindi walinielekeza nivae soksi mbili, nijipake mafuta mazito, nisioge asubuhi. Nilizawadiwa sweta nne. Habari za kodi nilipewa na mtu mmoja tu, tena nusu, na mpaka leo nikizikumbuka zile sweta napandwa na hasira.

Kwa miaka kumi na sita nilikuwa karani wa stoo ya dawa katika hospitali moja ya watu binafsi. Kila mwezi mshahara wangu ulikatwa, mwajiri akaongeza sehemu yake, na zote zikaenda kwenye mfuko wa pensheni. Sikuzitazama fedha zile kama zangu. Zilikuwa za mwanamke mwingine, mzee, ambaye angekuja kuwa mimi siku za mbele. Kisha nikapata kazi ng'ambo, ya kulea wazee wa watu katika nyumba ya wazee. Kazi hiyo haikuuliza cheti cha shule wala uzoefu wa stoo. Iliuliza mgongo wenye nguvu na pasipoti. Nikaambiwa kwamba mtu anayehama nchi moja kwa moja anaweza kuomba mfuko umrudishie akiba yake yote kwa mkupuo, na hapo ndipo nilipoanza kuziota fedha zile.

Nilijua pa kuzipeleka. Mama yangu anaishi Mkunya, upande wa Newala, katika nyumba ya bati aliyojengewa kwa fedha za korosho mwaka ambao bei ilikuwa nzuri. Kwetu kule juu, maji hayako chini ya miguu yako. Yako bondeni, au yako mbinguni. Mwenye uwezo huchimba kisima uani, akakisakafia kwa saruji, akaweka magata ya kukinga maji kuzunguka bati na kuvuna mvua ya msimu mzima. Asiye na uwezo hununua kwa dumu kutoka kwa huyo mwenye uwezo, au hukaa na ndoo zake kwenye bomba kusubiri siku ambayo maji yataamua kupanda. Mama alikuwa na nyonga mbovu. Kila kiangazi alinyanyua ndoo kwa mtindo wake mwenyewe, ameinama upande, mkono mmoja umeshika paja. Nilitaka achote maji hatua kumi kutoka mlangoni kwake mpaka siku atakapokufa. Hayo ndiyo yaliyokuwa matumizi ya akiba yangu yote, na sikuhitaji ushauri wa mtu.

Ile nusu ya habari nilipewa na Mtanzania mwenzangu aliyenitangulia kwenye kazi ile. Alinipigia simu akasema, "Dada, hiyo pesa ya mfuko hakikisha imeingia mkononi kabla hujatimiza nusu mwaka huku. Ukishatimiza, wanakuhesabu mkaazi. Mkaazi analipa kodi ya kila kinachomwingia, hata kitoke mbinguni." Nikamuuliza kama makato ya nyumbani hayatoshi. Akasema ya nyumbani ni madogo, ya kule ndiyo yanayouma, na nchi zetu mbili hazina makubaliano ya kwamba ukilipa huku umesamehewa kule. Kinachoangaliwa ni siku pesa ilipoingia. Siku uliyoiomba hawana habari nayo.

Nikaenda ofisi ya mfuko na bahasha ya vielelezo. Karani alikuwa kijana mpole wa kutoka bara, ameletwa kusini kikazi na bado anashangaa. Alizipanga karatasi zangu mezani mafungu mawili, akanitazama, akazitazama tena.

"Mama, hapa kuna watu wawili," akasema.

Ni lazima nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi kwa kuwa kila mtu analijua. Mtoto huzaliwa akapewa jina. Akienda unyagoni, jina lile linabaki huko. Anatoka na jina jingine, la ukubwani, mara nyingi la mtu wa ukoo wa mama, na siku ya kutoka linatangazwa mbele ya watu. Kuanzia hapo kumwita mtu jina lake la utotoni ni kumtukana. Mimi nilitoka na jina la bibi yangu mzaa mama, aliyefariki mwaka uliotangulia. Nakumbuka nilivyopakwa mafuta na kuvishwa kanga mpya zinazokwaruza shingo. Nakumbuka jirani mmoja aliyeteleza akaniita lile la zamani, akatozwa kuku. Mjomba akaenda shuleni kumwambia mwalimu, mwalimu akalikata jina la zamani kwenye daftari lake na kuandika jipya. Cheti cha shule, kazi, mfuko, namba ya mlipakodi, vyote vikafuata jina la bibi.

Lakini cheti cha kuzaliwa nilikichukua ukubwani, nilipotaka pasipoti, na cheti kikafuata kadi ya kliniki. Kadi ya kliniki iliandikwa nikiwa na wiki mbili. Ofisa aliniuliza kama nina pingamizi. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni tangu alfajiri, nikasema hapana, jina ni jina tu. Hivyo pasipoti yangu ikatoka na jina ambalo mtu wa kwetu hathubutu kunitamkia. Mwajiri wangu mpya akalichukua hilo, na ubalozi ukalibandika kwenye viza.

Yule karani alinipa njia mbili. Ya kwanza, nibadili pasipoti na viza zifuate jina la ukubwani. Hiyo ni miezi, na kazi isingenisubiri. Ya pili, niandikishe hati kwamba jina la ukubwani nimeliacha, nabaki na la kwenye pasipoti, na mzazi wangu ale kiapo kuthibitisha kwamba hao watu wawili ni mtoto wake mmoja. Hiyo ni wiki mbili. Mfuko ungeanza kushughulikia madai nikishafika kule na kutuma kibali cha ukaazi, kwa hiyo siku zangu za kodi zingeanza kuhesabiwa wakati faili bado liko mezani kwao. Nilipiga hesabu pale pale nikiwa nimesimama. Njia ya kwanza ilikuwa imekwisha kabla sijaianza. Nikachagua ya pili bila kuvuta hata pumzi.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho huku akimenya muhogo. Alikuwa na kawaida ya kuniita mama. Nilikuwa na jina la mama yake, kwa hiyo kwake nilikuwa mama, na siku za furaha alinipa hata shikamoo, nami nikaitikia marahaba kwa maringo, tukacheka. Wauza nyanya nao huniita mama, lakini hiyo ni heshima ya sokoni. Sikujaliwa mtoto. Wanawake wa rika langu walishaacha kuitwa majina yao siku nyingi, wanaitwa Mama Fulani, wamejificha nyuma ya watoto wao. Mimi nilibaki na jina langu tu, na mtu mmoja aliyeniita mama kwa kumaanisha.

"Kwa nini usiliache lile la utotoni?" akauliza. "Lile lilishaachwa. Halina mwenyewe."

Nikamweleza pasipoti, viza, nusu mwaka, mkaazi na asiye mkaazi. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu, nikadhani anaelewa.

"Kwa hiyo unamtupa mama yangu," akasema, "ili upate pesa yote."

"Ili wewe upate kisima."

"Mimi sijaomba kisima."

Ikawa hivyo kwa wiki tano. Kila Jumamosi nilipanda gari kutoka Masasi mpaka Newala, nikachukua pikipiki mpaka Mkunya, tukala kisamvu, tukaongea habari za mikorosho iliyohitaji kupuliziwa dawa, na nilipofika kwenye kiapo mama akanyanyuka kwenda kutazama kuku. Mdogo wangu wa kiume, anayeishi jirani naye, alisema nimwache, atalainika mwenyewe. Lakini tiketi ilishakatwa, na nikiondoka bila kiapo siku za kodi zingehesabiwa bure. Kila wiki iliyopita niliiona ikila mifuko ya saruji, mabati ya magata, mfuniko. Nilianza kumchukia mama kidogo kidogo. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi ya tano nilimkuta anatoka bombani. Alikuwa amekaa tangu asubuhi na amepata ndoo moja, nayo nusu yake imemwagika njiani kwa sababu ya ule mguu. Alikuwa amelowa upande mzima wa kanga. Afadhali ningempokea ndoo na kunyamaza. Badala yake nikasema maneno ambayo nayasikia mpaka leo nikiwa nakunja mashuka ya wazee wa watu.

"Bibi ameshakufa, mama. Hanywi maji. Wewe ndiye unayekunywa."

Aliweka ndoo chini, akaifunika na sinia, akaingia ndani. Jumatatu asubuhi, mdogo wangu akapiga simu Masasi kwamba mama ameoga, amevaa kanga zake za sikukuu, amekaa kizingitini anauliza gari la kwenda kwa wakili ni saa ngapi.

Tulikutana Newala. Wakili alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kuta zimepauka, na mteja mwingine alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri mambo yake ya shamba. Mimi nilisaini hati yangu ya kuacha jina haraka haraka, kama mtu anayesaini kupokea katoni za dawa. Zamu ya mama ikafika. Wakili akamsomea kiapo polepole, kwa Kiswahili, na mama, ambaye nyumbani huongea Kimakonde tu, akasikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kunisikiliza mimi.

"Hapa naapa kwa Mungu au kwa serikali?" akauliza.

"Kwa Mungu, mama. Wewe ni Muislamu, imeandikwa hapa juu."

Akarudi kwenye mstari mmoja aliousikia. Wakili akausoma tena: kwamba kuanzia leo jina hilo la ukubwani limeachwa na halitatumika tena kwa shughuli yoyote.

"Yoyote?"

"Yoyote. Usiwe na wasiwasi, mama yangu, ni lugha ya kisheria tu."

Wakili alimwambia sasa alitamke jina la mtoto anayemthibitisha. Mama alitazama mteja aliyekuwa kwenye benchi, akanitazama mimi, akalitamka jina langu la utotoni kwa sauti ya kutosha mtu wa nje kusikia. Miaka thelathini na zaidi nilikuwa sijalisikia kinywani mwake. Nilitamani kutoka nje. Kisha akaweka dole gumba kwenye wino, akalikandamiza kwenye karatasi, na wakili akampa kipande cha gazeti ajifute.

Nikasafiri. Kibali cha ukaazi kilichukua karibu miezi miwili, nikakituma siku hiyohiyo nilipokipata. Mfuko ukataka uthibitisho kutoka hospitali niliyofanyia kazi, na hospitali ikamtafuta mhasibu aliyekuwa ameshastaafu na kurudi Lupaso kulima. Nilikuwa nahesabu siku kwenye kalenda ya jikoni kazini, kila siku msalaba mdogo. Wazee niliowalea walidhani nahesabu siku za kurudi nyumbani, wakanionea huruma.

Nilipotimiza miezi mitano na wiki kule, mfuko ukaandika kwamba malipo yameidhinishwa na yametumwa benki. Nililia chooni kwa furaha. Zilibaki wiki tatu nzima kabla ya nusu mwaka.

Benki ikazirudisha.

Akaunti yangu pale Masasi ilikuwa kwa jina la bibi. Mfuko, kwa utii kabisa, ulilipa kwa jina nililobaki nalo, lile nililoapiwa. Mashine ya benki ikaona fedha za mtu mmoja zinaingia kwenye akaunti ya mtu mwingine, ikazitema. Nilikuwa nimeliacha jina mbele ya Mungu na wakili, nikasahau kuliacha benki. Miaka kumi na sita ya kuhakiki dawa, namba ya katoni na namba ya hati, na nikashindwa kuhakiki jina langu mwenyewe. Sina wa kumlaumu. Nimejaribu, nimekosa.

Mdogo wangu alikwenda benki mara tatu. Walimwambia lazima nifike mwenyewe au nilete idhini iliyogongwa muhuri ubalozini. Ubalozi ulikuwa safari ya treni ya siku nzima, na kazini niliruhusiwa kuondoka baada ya wiki moja na nusu. Nauli ya ndege ya kurudi nyumbani ingekula zaidi ya kodi yenyewe. Akaunti ilipobadilishwa jina na fedha kuingia, ilikuwa siku tisa baada ya nusu mwaka.

Yule Mtanzania aliyenitangulia, ambaye sasa tulikuwa zamu moja, alinisaidia kujaza fomu za kodi. Tulikaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, viatu vyetu vya kazi vimepangwa ukutani. Nilimwambia tuandike tarehe ya kwanza, ile ambayo benki ilizirudisha. Akaniuliza kama zilikuwa mkononi mwangu siku hiyo. Nikasema hapana. Akaandika tarehe ya kweli. Nilimkasirikia siku mbili nzima, ingawa nilijua kwamba benki ingewapa watu wa kodi tarehe hiyo ya kweli siku watakayoiuliza. Nyumbani walikata kidogo chao, na kule wakachukua karibu theluthi ya iliyobaki. Barua yao ilikuwa ya adabu sana, na juu kabisa iliniita kwa jina langu la utotoni.

Kilichosalia kilichimba kisima nusu ya kina tulichopanga. Fundi alisakafia ukuta, akaishiwa kabla ya mfuniko wa zege, wakafunika kwa mabati chakavu na mawe. Magata yakawekwa upande mmoja wa nyumba. Maji ya upande wa pili yanaanguka chini na kwenda zake. Mdogo wangu amepiga hesabu kwamba kikijaa kitamfikisha mama katikati ya kiangazi, na baada ya hapo atarudi kwenye ndoo zake. Nilitoa jina la bibi kwa miezi michache ya maji.

Hilo ningelivumilia. Saruji hununuliwa tena.

Mvua kubwa ya kwanza iliponyesha mdogo wangu alinipigia simu kutoka uani, akaishika karibu na mabati ili nisikie. Maji yalikuwa yanaingia kwa kishindo. Akampa mama simu. Tangu niondoke tulikuwa tukiongea kwa harakaharaka, mambo ya benki na fundi, vocha ikikatika katikati, na sikuwa nimegundua kitu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema, na akaniita kwa lile jina. Aliliita kwa upole, kama mtu anavyomwita mtoto mdogo aingie ndani asinyeshewe.

Nikadhani uzee. Nikadhani amenichanganya na mtu. Nikamuuliza kwa nini ananiita hivyo.

"Si niliapa?" akasema. "Nilimuuliza yule baba, akasema shughuli yoyote. Nilimuuliza kwa Mungu au kwa serikali, akasema kwa Mungu. Unataka niape uongo, na umri huu?"

Nilitafuta hasira katika sauti yake, nikashindwa kuipata. Ningefurahi kama angekuwa ananiadhibu, maana adhabu huisha. Alikuwa anatimiza tu kile nilichomlazimisha kukisema, na alikuwa amekitimiza kwa miezi yote ile, akikwepa kuniita lolote kwenye simu mpaka siku alipopata ujasiri. Nikamweleza kwamba wakili alikuwa na maana ya makaratasi, ya ofisi, ya benki. Akasema yeye hajui Mungu wa benki.

Nikamwomba aniite mama, mara moja tu, hakuna anayetusikia.

Nilisikia mvua kwenye bati na maji yakidondoka kisimani. Kisha akaniita tena kwa jina langu la utotoni, akaniuliza kama nimekula.

Nikaitika. Nikamwambia nimekula.